Kijiko cha Kwanza cha Hordii

Baba yangu, Hordii, alikuwa mtu wa matrekta. Ndivyo alivyomwambia mama siku alipomposa, na ndivyo nilivyojibu shuleni mwalimu alipotuuliza kazi za wazazi wetu. Nusu ya darasa ilijibu hivyo hivyo. Jengo letu zima pale mjini Dnipropetrovsk lilijaa watu wa matrekta, na sidhani kama kulikuwa na hata mmoja aliyewahi kupanda kitunguu. Kiwanda kilitengeneza matrekta kweli, tusikisingizie. Yalitoka kwa lango la mbele, mchana, kila mtu akiyaona. Yale mengine yalitoka kwa lango la nyuma, ndani ya mabehewa yaliyofungwa, na aliyekuwa amesimama kando ya reli alijifanya anatazama kunguru.

Alikuwa fundi wa kulehemu, mrefu, mpole, na nyusi zake zilikuwa zimeungua upande mmoja na hazikuota tena sawasawa. Tabia yake moja ilimtesa mama kuliko ambavyo ulevi ungeweza kumtesa: baba hakuweza kupita karibu na chuma bila kuupitisha mkono pale kilipounganishwa. Sufuria, kitanda, lango la kanisa, vyote alivipapasa kwa kidole gumba, polepole, macho ameyafumba.

"Hordii, acha kupapasa basi la watu," mama alikuwa anamwambia kituoni, kwa sauti ya chini. "Wanatutazama."

"Wamelehemu vibaya hapa."

"Wewe umeliunda? Basi panda tuende."

Kila fundi wa kulehemu alikuwa na muhuri wake mdogo wa chuma wenye namba. Akimaliza mshono, anagonga muhuri pembeni, ili ukija kupasuka ajulikane wa kulaumiwa. Hakuna jina lililokwenda popote, ni namba tu. Baba aliupenda muhuri ule. Naamini alikuwa mtu mwenye kiburi kikubwa sana, ila alikiweka chote pale, kwenye alama ndogo kama kucha ya mtoto, mahali ambapo hakuna ambaye angepaona.

Mama yangu, Motria, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Alikuwa mfupi, mwenye maneno mengi, na alikuwa mtoto wakati wa vita, kwenye kijiji kilichochomwa nyumba zote. Wiki ile yeye na dada yake waliishi ndani ya shimo la viazi. Hakupenda kulisimulia jambo hilo. Ila ukiwasha kiberiti karibu naye bila kumwambia, alikupiga kofi la mkono kabla hajajua kwamba amekupiga.

Mama aligundua habari za matrekta kupitia kwa kaka yake, Mjomba Sava, aliyekuwa askari. Sava alikuja likizo, akanywa pombe ya nyumbani glasi moja zaidi ya ile inayofaa, ulimi ukafunguka. Akasema analinda kitu kilichosimama ndani ya shimo la zege, kirefu kuliko jengo letu, kimejaa mafuta ya sumu, kichwani kina moto wa kuumaliza mji mzima, na si mmoja, miji kadhaa. Akasema pia kwamba vitu hivyo vinatoka hapa hapa kwetu.

"Hapa wapi?" mama akauliza.

"Hapa, dada. Kwa shemeji yangu."

Baba aliinuka akaenda kufunga dirisha, ingawa lilikuwa limeshafungwa. Mama akamtazama muda mrefu.

"Hordii," akasema, "hivi trekta lako lina magurudumu mangapi?"

Baba akakikagua tena kitasa cha dirisha. Alikuwa ametia saini ya kunyamaza, na kusema uongo hakukuweza. Ule wa matrekta ndio uliokuwa uongo wake wa pekee, na aliubeba vibaya, kila mara sikio lilimwiva kwa aibu.

Sasa, kwetu sisi kuna mkesha wa Krismasi ya Januari. Wakati ule sikukuu hiyo haikupendwa na wakubwa, hasa kwa watu wa kiwanda, kwa hiyo tulivuta mapazia na kuifanya kimya kimya. Hakuna anayekula mpaka nyota ya kwanza ionekane. Halafu watu wanakaa mezani mbele ya bakuli la ngano iliyochemshwa, iliyochanganywa na asali na mbegu za popi. Mkuu wa nyumba anachota kijiko cha kwanza, anasimama, na anakirusha juu kwenye dari. Zikinata punje nyingi, mwaka utakuwa mwema na nyuki watazaa asali. Sisi hatukuwa na nyuki wala shamba, tulikuwa na dari tu, na dari ilitutosha.

Mwaka ule baada ya ziara ya Sava, baba alichota kijiko kama kawaida. Mama akaushika mkono wake kabla hajainuka.

"Kilete," akasema.

"Motria."

"Kilete hapa. Mikono yako sijui inafanya nini, na usiniambie, najua huruhusiwi. Lakini kijiko hiki ni cha kuombea watu uhai. Mpaka nione kwa macho yangu kitu kimoja cha mikono yako kimeruka na hakikumdhuru mtu, hiki nitakishika mimi."

Nilidhani patazuka ugomvi. Baba alimtazama, akakigeuza kijiko, akampa mpini. "Haya," akasema. Mama akasimama, akarusha. Alikuwa mfupi na hasira zilimtetemesha, ngano yote ikamwangukia baba kichwani. Baba akala hivyo hivyo, na asali kwenye nywele.

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Mama hakuwa mkatili, asije mtu akamfikiria vibaya. Alimfulia, alimpikia, alimchana zile nyusi zake mbovu kwa mate akienda kupigwa picha, na usiku wa baridi alikuwa anazitia soksi zake chini ya mto wake mwenyewe zipate joto. Walipendana kiasi cha kuniudhi. Ila mkesha ukifika, kijiko kilikuwa cha mama, na alikirusha vibaya kila mwaka. Ngano iliangukia kabati, iliangukia paka. Tulicheka wote. Lakini mimi nilikaa upande wa kulia wa baba, na niliona kwamba mama akikichukua kijiko, mkono wa kulia wa baba ulishuka chini ya meza na kukaa huko mpaka chakula kiishe. Alikula kwa kushoto. Iliniuma, na sikujua nimlaumu nani, kwa sababu mama naye alikuwa na haki.

Dola kubwa lililotutawala lilipovunjika, midomo ikafunguka. Siku moja tulikuwa tunamenya viazi jikoni, mimi na baba, nikamuuliza wazi wazi.

"Baba, ni kweli ulikuwa unatengeneza makombora?"

Akamenya kiazi kizima kwanza. "Ndiyo."

"Na zile roketi za setilaiti zinazotangazwa redioni?"

"Ni kitu kile kile, binti yangu. Kombora na roketi ya setilaiti ni ndugu tumbo moja. Nilipoingia kiwandani bado kijana, walikuwa na kombora dogo la vita. Wakakivua kichwa chake, wakapachika kipande cha pili juu, na kwenye ncha wakaweka setilaiti ndogo. Ikapanda. Wazee wa karakana walilia siku ile, na redio haikututaja." Akachukua kiazi kingine. "Na ukitazama, karibu zote zilianza hivyo. Hata ile iliyowapeleka watu wa kwanza juu, baba yake alikuwa kombora. Hakuna aliyetoa pesa nyingi hivyo kwa ajili ya kutazama mawingu. Zilitolewa kwa ajili ya vita, watu wa anga wakapanda mgongoni."

"Na wewe ulikuwa upande upi?"

"Karakana iliyokuwa upande wa pili wa uzio ilikuwa ya setilaiti. Yangu ilikuwa ya vita. Mwili ule ule, mishono ile ile. Tofauti ni kichwa tu." Akakizungusha kiazi mkononi. "Niliomba kuhama. Mara nyingi. Walisema mikono yangu inahitajika pale pale."

"Mama anajua kwamba uliomba?"

"Anajua nini na mimi nilitia saini? Na ningemwambia ingesaidia nini? Niliomba, sikupewa, nikaendelea kulehemu." Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Fikiria, mwanangu. Umefanya kazi maisha yako yote, umeifanya vizuri, na sala yako ya kila siku ni kwamba isije ikatumika."

Makombora yaliyokuwa kwenye ardhi yetu yaliharibiwa. Tuliona kwenye televisheni mashimo ya zege yakilipuliwa, na juu yake wakapanda alizeti. Mama alipiga ishara ya msalaba, akamtazama baba, na mimi nikafikiri, sasa. Lakini kuharibiwa si kuruka, na baba mwenyewe ndiye aliyesema, bila kuulizwa, kwamba yapo mengine mengi yaliyotoka kiwanda hiki hiki, yako upande wa Urusi, bado yamesimama. Mama akaendelea kushika kijiko.

Hapo ndipo anapoingia Yukhim. Yukhim alinishika siku ya ubatizo wangu, na alikuwa amelehemu bega kwa bega na baba tangu ujana wao. Alikuwa mnene, mcheshi, na mwongo. Samaki aliowakosa mtoni Dnipro wangeulisha mji. Baba alishastaafu, lakini Yukhim alibaki kiwandani kwa sababu vijana walikimbilia kuuza nguo sokoni na mikono ikawa haba. Akaja na habari: mkataba wa kupunguza silaha unataka yale makombora makubwa yaondolewe, na kuliko kuyakatakata, wameamua kuyavua vichwa na kuyabebesha setilaiti za watu wa nchi mbalimbali. Kazi inafanywa nyikani Kazakhstan, na mafundi wa kwetu wanakwenda.

"Yale yetu, Yukhim?" baba akauliza. "Yale yale, au mapya yanayofanana?"

"Yale yale, ndugu yangu. Yanatolewa shimoni na vumbi lake. Yamekaa humo tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi."

"Uliwahi kuwa na nywele?" mama akauliza kutoka jikoni.

Baba hakucheka. Alimsindikiza Yukhim mpaka mlangoni, na nikamsikia akimwambia kwa sauti ambayo hakutaka tuisikie: "Ukifika huko, nitafutie muhuri wangu."

Yukhim alikwenda safari ya mwanzo wa majira ya baridi. Wiki zile baba alikuwa hafai kwa lolote. Alipapasa kila kitu ndani ya nyumba, alilehemu upya miguu ya kiti kilichokuwa kizima. Aliogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba lile litakaloruka si lake, na kwamba ni lake na mshono utaachia. Mama aliyaona yote hayo. Alimwongezea tu krimu kwenye supu ya bitiruti, dalili kwamba alikuwa na wasiwasi pia.

Siku chache kabla ya mkesha Yukhim akarudi, pua nyekundu kwa baridi, na hata koti hakuvua.

"Limepanda," akasema. "Ah, Hordii, ungeona. Linatoka shimoni kama kizibo cha chupa, mvuke unalisukuma tu, halina moto hata kidogo. Linasimama hewani. Haki ya Mungu linasimama, linafikiri. Moyo wangu ukasimama nalo. Nikasema, basi, linarudi kutuangukia. Halafu moto unawaka, mtetemo unakupiga kwenye meno, na linakwenda. Setilaiti zote zimekaa mahali pake. Hakuna aliyekwaruzwa."

Mama alikuja kutoka jikoni, unga mikononi. "Lilikuwa la nani?"

Yukhim akamtazama baba, akamtazama mama, akavuta pumzi. "La Hordii, shemeji. Nimeuona muhuri wake kwa macho yangu haya. Kwenye mshono wa tangi la chini, safi kana kwamba umegongwa jana. Nimeugusa."

Nilimtazama baba. Miaka yote ile, na sasa mlango uko wazi, alichotakiwa ni kupita tu. Sikio lake likaanza kuiva.

"Yukhim," akasema taratibu, "kombora lile linakaa ndani ya bomba lake. Linatiwa humo kiwandani na halitoki mpaka siku linaporuka. Ulilionaje tangi?"

"Kuna kidirisha—"

"Hakuna kidirisha."

"Hordii, kaa kimya, nakusaidia."

"Najua unanisaidia, ndugu yangu. Lakini usimdanganye Motria kwa ajili yangu. Nilishamdanganya vya kutosha na matrekta."

Yukhim akavua kofia, akakaa, akawa mdogo ghafla. "Ni la kiwanda chetu," akasema, bila madaha. "La miaka yetu. Hilo si uongo. Na mishono yote ilishika. Muhuri sikuuona, na hakuna atakayeuona tena, kipande kile kimeanguka nyikani na kupondeka."

Mama alirudi jikoni. Alikanda unga ule mpaka ukalalamika. Mimi nilitaka kumfuata nimwambie, mama, imetosha sasa, mpe huyu mzee kijiko chake, unataka nini zaidi. Sikumfuata. Kwake yeye kiapo kilikuwa kiapo, na nilijua angenijibu kwa kitambaa cha vyombo.

Mkesha ukafika. Kwa kawaida watoto ndio wanaotumwa kuitafuta nyota, ila mimi nilikuwa nimeshapita umri huo zamani na nyumba haikuwa na mtoto mwingine, kwa hiyo mama alijifunga shali na kutoka kibarazani mwenyewe. Jua lilikuwa limetoka kuzama, mbingu bado ina weupe upande wa mtoni. Meza ilikuwa tayari, bakuli katikati. Baba alikaa mahali pake. Mkono wa kulia ulikuwa tayari umeshuka chini ya meza.

"Ipo," mama akaita. "Njooni, imetoka."

Tukatoka. Juu ya mapaa palikuwa na nukta moja nyeupe, angavu. Baba akaitazama kidogo tu.

"Hiyo si nyota, Motria. Inatembea."

Kweli ilikuwa inatembea, polepole, bila kupepesa, ikipanda kutoka upande wa stesheni.

"Ni ndege?"

"Ndege ina taa nyekundu. Hicho ni kitu kilichopandishwa. Setilaiti, au kipande cha roketi iliyoipandisha."

Mama aliendelea kuitazama, shali imemwanguka begani. "Ni yako?"

"Sijui. Ziko nyingi huko juu, za kila nchi. Sidhani."

"Lakini inaweza kuwa."

"Inaweza. Inaweza kuwa ya mtu yeyote."

"Itamwangukia mtu?"

"Hapana. Itazunguka tu, mpaka siku moja ikaungue huko huko juu."

"Na ikipita juu ya mji, watu wa chini wanafanya nini?"

Baba alifikiri. Alikuwa anajibu kila swali kwa uaminifu, hata la kipuuzi. "Wanakula," akasema. "Saa hizi, wanakula."

Mama aliifuata kwa macho mpaka ilipofifia katikati ya mbingu. Tulisimama na baridi ikituuma mpaka nyota halisi ikatokea, ndogo, mahali pake pa kila mwaka. Hapo tukaingia, baba akafunga mlango, tukakaa.

Mama alichota kijiko. Akakijaza mpaka asali ikachuruzika. Halafu hakusimama. Alikigeuza, akamnyooshea baba mpini.

"Motria, usifanye hivyo," baba akasema. "Uliapa."

"Niliapa mpaka nione. Nimeona."

"Nimekuambia pengine si yangu."

"Nimekusikia. Na juzi Yukhim alipokupa kila kitu mkononi ukakikataa, nilikusikia pia. Nilikuwa nakanda, sikuwa kiziwi." Akakisogeza kijiko karibu naye zaidi. "Ile iliyopita ni ya watu kama wewe, Hordii. Alama yako sihitaji kuiona. Shika, mkono wangu umechoka, na paka amechoka zaidi."

Baba akautoa mkono wa kulia chini ya meza. Akakishika kijiko kama mtu anayeshika kitu cha moto. Akasimama, akaitazama dari, akapima kwa jicho, fundi ni fundi. Akarusha.

Ilipanda yote kwa pamoja, ikapiga dari, ikanata. Punje tatu nne zilianguka mezani, nyingine zote zikabaki juu. Baba alisimama vile vile, kichwa amekiinua, mdomo wazi. Kati ya vyote vilivyotoka mikononi mwake miaka yote ile, hiki ndicho cha kwanza alichokiona kikipaa. Machozi yalimtoka yakashuka mpaka shingoni na hakuyafuta.

"Imeshika," mama akasema. "Kaa ule, itapoa."

Akakaa. Akala kwa mkono wa kulia, na mpaka tulipotoa vyombo mkono ule ulikuwa bado juu ya meza, mama ameuwekea wake juu.